Motokaa za Kale na Mikono Iliyozitunza

Likitajwa neno historia, mawazo ya wanafunzi wengi hukimbilia vita, wafalme na mikataba. Mambo hayo ni historia kweli, lakini hayakuimaliza. Jembe lina historia yake, chungu kina yake, na motokaa pia ina yake. Katika insha hii, msomaji, nakuomba tutazame pamoja motokaa za kale: jinsi zilivyoingia katika nchi yetu, jinsi zilivyoshindanishwa, na kwa nini wako watu wanaozipenda na kuzitunza hata leo, ingawa mpya zimejaa njiani. Tutaanza safari yetu chini ya Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, katika nchi ya Kitale na Bungoma. Nchi hiyo yaonyesha wazi jambo ninalotaka kulithibitisha, nalo ni hili: motokaa huundwa mara moja tu kiwandani, lakini hudumishwa kila siku na mkono wa fundi.

Kabla ya motokaa kuzoeleka, mizigo ya nyanda hizo za juu ilivutwa na maksai. Gari la maksai lilikwenda polepole, na mvua iliponyesha halikwenda kabisa. Reli ilifika Eldoret mwaka wa 1924, na tawi lake likafika Kitale mwaka wa 1926. Njia kuu nayo ilishuka kupitia Webuye, mahali palipoitwa Broderick Falls wakati huo, ikapita Bungoma na kuendelea Uganda, hata ikafika Kampala mwaka wa 1931. Reli iliondoa taabu ya safari ndefu, lakini haikuweza kuingia katika kila shamba. Gunia la mahindi lilipaswa kutoka ghalani hadi stesheni, na mgonjwa alipaswa kutoka kijijini hadi hospitali. Hapo ndipo lori na motokaa zilipopata kazi.

Barabara zilikuwa za udongo. Wakati wa masika udongo huo uliteleza kama sabuni, na wakati wa kiangazi uligeuka vumbi lililoingia katika kila tundu la mashine. Jiwe lilivunja springi, shimo lilipinda ekseli, na kivuko cha mto kilizima mota katikati ya maji. Duka kubwa la spea lilikuwa Nairobi, mwendo wa kilomita karibu 380 kutoka Kitale. Mtu aliyevunjikiwa na motokaa hakuweza kukaa akingoja majuma mawili ilhali mahindi yake yanaoza. Alimwita fundi. Fundi alinyosha kilichopinda, akaunga kilichokatika, akakata gasketi mpya kwa karatasi ngumu na makasi. Wengi wa mafundi wa kwanza walikuwa Wahindi, hasa Masingasinga, ambao baba zao waliletwa Afrika Mashariki kwa kazi za reli na useremala. Kando yao walisimama vijana wa Kiafrika, wakishika taa, wakifungua nati na kutazama. Majina ya vijana hao hayakuandikwa katika vitabu, lakini kazi yao yajulikana kwa matunda yake, kwa kuwa wao ndio waliokuja kuwa mafundi wa miji yetu na walimu wa mafundi wengine.

Sasa tugeukie mashindano. Mwaka wa 1953 Elizabeth wa Pili alitawazwa kuwa malkia wa Uingereza. Wapenda motokaa wa Kenya, na Eric Cecil akiwa miongoni mwa waanzilishi, walibuni shindano la kuadhimisha siku hiyo, la kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Liliitwa Coronation Safari. Angalia, msomaji, kwamba neno la pili katika jina hilo ni neno letu, na tangu siku hiyo neno safari lilianza kutajwa na wapenda mashindano wa mabara mengine. Motokaa ziling'oa nanga tarehe 27 Mei. Ziligawanywa katika makundi kwa bei ya dukani, ili motokaa ya bei ndogo ishindane na wenzake wa bei ndogo, na ya bei kubwa na wa kadiri yake. Hakukutangazwa mshindi mmoja wa wote. Motokaa zenyewe zilikuwa zile zile zilizokwenda sokoni na shambani, na barabara zilikuwa zile zile zilizotumiwa na watu wote.

Yafaa mwanafunzi wa historia asisahau jambo moja. Mwaka huo wa 1953 Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakati wengine walishindana kuvuka nchi tatu kwa furaha, Waafrika wengi wa Kenya hawakuwa na ruhusa ya kwenda watakako. Waendeshaji wa miaka ile ya kwanza walikuwa karibu wote Wazungu na Waasia. Mwafrika alionekana ukingoni mwa barabara akitazama, au matopeni akisukuma motokaa ya mtu mwingine. Mchezo huu, kama mambo mengi ya zama zile, ulikuwa na mlango mwembamba. Hatuna sababu ya kulificha jambo hilo, wala hatuna sababu ya kulifanya lizibe macho yetu yasione ustadi uliokuwamo.

Motokaa iliyotaka kutoka Nairobi kwenda Kampala haikuwa na budi kuvuka magharibi ya Kenya. Kwa hiyo nchi hii ilizoea vishindo vya mbio tangu mapema. Mwaka wa 1960 jina lilibadilishwa, likawa East African Safari. Shindano lilikuwa likifanywa siku za Pasaka, yaani wakati wa masika, na mvua ikawa mwamuzi asiyependelea mtu. Mwaka wa 1963 motokaa 84 zilianza, zikamaliza 7 tu. Mwaka wa 1968 zilianza 93, na tena zikamaliza 7 tu. Fikiri juu ya hesabu hiyo. Lau darasa lenye wanafunzi 84 lingefanya mtihani wakafaulu 7, tungetaka kujua wale 7 walifanya nini ambacho wenzao hawakukifanya.

Jibu moja lilionekana mwaka wa 1964. Siku zile huko Marekani palikuwa pakizuka aina ya motokaa iliyopendwa mno na vijana: bodi ya kadiri, bei isiyotisha, na ndani yake mota kubwa ya silinda nane. Mwaka huo huo kampuni ya Pontiac ilitoa GTO, ambayo watu wengi huihesabu kuwa mama wa jamii hiyo, na Ford ikatoa Mustang. Wamarekani walizifananisha motokaa hizo na misuli ya mpiganaji. Zilivuma kwa miaka kama kumi, mpaka bei ya mafuta ilipopanda ghafula mwaka wa 1973 na sheria za bima na za moshi zikakaza. Leo wenye kuzimiliki huzilea kama watoto, huzifungua na kuzifunga upya, na huzishindanisha katika viwanja vilivyonyoka.

Ndugu wa jamii hiyo walifika Afrika Mashariki. Kampuni ya Ford ya Marekani ilileta motokaa 6 za Mercury Comet zenye silinda nane kuja kushindana katika Safari ya 1964. Zilikuwa na nguvu nyingi, na watengenezaji wake walitumaini kuionyesha dunia kwamba hazivunjiki. Barabara zetu ziliwapa somo. Kati ya zile 6, zilizofika mwisho zilikuwa 2 tu, tena nyuma sana. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Peter Hughes, na motokaa yake ilikuwa Ford pia. Lakini ilikuwa Cortina GT, yenye silinda nne na mota ya lita moja na nusu. Nguvu nyingi katika barabara iliyonyoka ni neema. Katika tope la masika, nguvu hiyo hiyo huzungusha magurudumu mahali pamoja na kuchimba kaburi la motokaa. Tope halijali ukubwa wa mota. Hujali uzito wa motokaa, uimara wa springi na busara ya mguu uliokanyaga mafuta.

Mwaka uliofuata ulileta somo kubwa zaidi, nalo lililetwa na mtu wa kwetu. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka wa 1932. Alikulia katika kazi ya gereji, akaijua motokaa kwanza kwa kulala chini yake kabla ya kusifiwa kwa kuiendesha. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame; naye aliinama miaka mingi. Katika Safari ya 1965 aliingia pamoja na ndugu yake Jaswant, wakiwa na Volvo PV544. Motokaa hiyo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumiwa mashindanoni kabla ya kufika mikononi mwao. Hata umbo lake lilikuwa la kizamani, kwa sababu lilitokana na Volvo iliyoonyeshwa mara ya kwanza Stockholm mwaka wa 1944, na mwaka ule ule wa 1965 kiwanda kiliacha kabisa kuitengeneza. Watu husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ndugu hawa wawili walichagua cha zamani kisicho na kidonda. Waliipitia motokaa yao kipande kwa kipande, wakaondoa kilichochoka na kuimarisha kilicho dhaifu. Bahati nayo iliwapa nafasi ya kuondoka wa kwanza, kabla ya wengine kuivuruga barabara. Waliondoka wa kwanza, wakarudi wa kwanza.

Ushindi huo haukuwa wa kubahatisha, kwa sababu Joginder alishinda tena mwaka wa 1974 na wa 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Colt Lancer, akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Alifariki mwaka wa 2013. Wala hakuwa peke yake kati ya wenyeji. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka wa 1966 na wa 1967 kwa Peugeot 404. Tangu 1953 hadi 1971 kila mshindi alikuwa mkazi wa Afrika Mashariki. Viwanda vya Ulaya, Marekani na Japani vilileta waendeshaji mashuhuri, na mwaka baada ya mwaka walirudi kwao mikono mitupu. Mgeni wa kwanza kuivunja desturi hiyo alikuwa Hannu Mikkola wa Ufini, kwa Ford Escort, mwaka wa 1972. Wenyeji waliwashinda wageni kwa sababu waliijua nchi: walijua rangi ya udongo unaoshika na rangi ya udongo unaoteleza, na walijua kwamba motokaa iliyofika mwisho ikichechemea ni bora kuliko iliyovunjika ikiwa mbele.

Ushindi wa Peugeot haukuishia katika vikombe. Mkulima wa Kitale na mfanyabiashara wa Bungoma walipoona motokaa imefaulu katika tope lile, waliiamini. Peugeot 404, na baadaye 504 iliyotokea mwaka wa 1968 na kushinda Safari mwaka wa 1975 na wa 1978, zilienea sana katika Kenya. Zile zenye bodi ndefu zilipewa viti safu tatu, zikawa motokaa za abiria wa safari za mbali. Watu wengi wa magharibi walipanda Peugeot kwenda kazini, shuleni, harusini na matangani. Motokaa 504 zilikuwa zikiunganishwa Kenya yenyewe, na kazi hiyo iliendelea miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuzitengeneza za kawaida mwaka wa 1983. Kwa hiyo ukiona Peugeot ya kale njiani, kati ya Kiminini na Kamukuywa au karibu na stesheni ya Bungoma, usiione kuwa takataka. Unaona chombo kilichobeba sehemu kubwa ya maisha ya nchi.

Lakini nani alizifanya ziendelee kwenda? Ni mafundi wa jua kali, watu waliofanya kazi nje, juani, wasio na paa wala cheti. Miaka ya 1980 Serikali ya Kenya ilianza kuitambua kazi yao na kuwajengea mabanda katika miji mbalimbali. Motokaa ya kale inafaa sana mikono yao, kwa sababu siri zake zimo katika vitu vinavyoonekana na kushikika. Kabureta huchanganya mafuta na hewa, na fundi huirekebisha kwa bisibisi akisikiliza sauti. Pointi hukata na kuunganisha umeme wa kuwasha plagi, na nafasi yake hupimwa kwa kibati chembamba. Vali zikigonga, sikio husema. Mafuta yakiungua vibaya, rangi ya moshi husema: moshi mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, moshi wa samawati ni oili inayoingia katika silinda. Motokaa za siku hizi huongozwa na kompyuta, na mara nyingi ugonjwa wao hausikiki wala hauonekani mpaka upatikane mtambo wa kuusoma.

Leo kuna watu wanaozimiliki motokaa za kale kwa mapenzi tu. Huko Nairobi, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, klabu ya wenye Alfa Romeo imekuwa ikiandaa maonyesho yaitwayo Concours d'Elegance katika uwanja wa farasi wa Ngong Road, ambako waamuzi hukagua rangi, viti, mota na hata sehemu za chini ya motokaa. Tena mwaka wa 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza, lilianzishwa shindano la Safari ya motokaa za kale. Björn Waldegård wa Uswidi, aliyeshinda Safari yenyewe mwaka wa 1977 kwa Ford Escort, alirudi akashinda hii ya kale mwaka wa 2007, tena kwa Escort, na mwaka wa 2011 kwa Porsche 911. Hivyo motokaa zilizodhaniwa kuwa zimestaafu ziliitwa tena kazini, na nyingi zilimaliza.

Huenda ukauliza, msomaji, kama mapenzi hayo si anasa ya matajiri. Swali lako ni la haki. Shindano kubwa hutaka fedha nyingi, na mlango wake bado ni mwembamba. Lakini kutunza na kushindana ni mambo mawili. Mwalimu, mkulima au fundi aweza kuwa na Volkswagen au Land Rover ya babake na kuitengeneza kidogo kidogo, mwezi huu breki, mwezi ujao rediata. Adui wake mkubwa ni kutu na uvivu. Tone la maji lililoachwa chini ya zulia la motokaa hula bati kimya kimya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na tahadhari ifuatayo ni ya lazima: mbio zina mahali pake, penye waamuzi, mikanda, kofia ngumu na njia iliyofungwa. Anayeshindana katika barabara ya watu wote huhatarisha roho zisizo zake.

Kuna jambo jingine linalofanya utunzaji huu kuwa wa maana. Kwa kanuni za Kenya, motokaa iliyokwisha tumika haiingizwi nchini kwa kawaida ikiwa imezidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo motokaa za kale tulizo nazo ni kama miti ya msitu usiopandwa tena. Kila moja ikikatwakatwa na kuuzwa kwa uzito kama chuma chakavu, imepunguza hesabu isiyoongezeka. Hasara ya chuma ni ndogo. Hasara ya maarifa ni kubwa. Mzee aliyejua kuisikiliza kabureta akifa bila mwanafunzi, hakuna kitabu cha Kiswahili kitakachomrithi. Kitale pana jumba la makumbusho lililotokana na mkusanyo wa mtu mmoja aliyependa kuhifadhi, Hugh Stoneham, nalo lilifunguliwa kuwa la taifa mwaka wa 1974. Limehifadhi vyombo vya mababu ili tuvisome. Lakini ujuzi wa fundi haukai katika kabati la kioo. Hukaa mkononi, na hupita kutoka mkono hata mkono.

Basi, msomaji, nakupa kazi nje ya darasa. Tafuta motokaa ya kale katika mji wako. Itazame namba yake: zile zilizoandikishwa kabla ya 1989 zina herufi tatu na tarakimu, bila herufi ya mwisho iliyoongezwa baadaye. Muulize mwenyewe aliipata kwa nani na ilifanya kazi gani. Kisha mtafute fundi anayeitengeneza, umsalimu kwa heshima, umwombe akueleze alifundishwa na nani, na mwalimu wake alifundishwa na nani. Andika jina la kila mmoja. Ukirudi nyuma hatua tatu au nne, huenda ukamfikia kijana aliyeshika taa katika gereji ya zamani, yule ambaye hakuna aliyeliandika jina lake. Utakapokuwa umeliandika, utakuwa umeongeza ukurasa katika historia ya nchi yako.